Kutafuta Kazi kwa Akili ya Kuazima

Kila inapotangazwa nafasi ya kazi katika visiwa vyetu, iwe ya ukarani serikalini au ya mapokezi katika hoteli za pwani ya mashariki, barua za maombi huja kwa mafungu. Hilo si geni, kwani vijana wenye vyeti ni wengi na nafasi ni chache. Lililo geni ni sura ya barua zenyewe. Mwenye kuzifungua moja baada ya moja hukuta maneno yale yale, mpangilio ule ule na sifa zile zile. Kila mwombaji ni mchapakazi mwenye ari ya hali ya juu, kila mmoja ana uzoefu mkubwa wa kushirikiana na watu wa kada mbalimbali, na kila mmoja anaandika Kiingereza cha mtu aliyezaliwa London. Waombaji hamsini, sauti moja.

Sauti hiyo ni ya akili mnemba. Jina hili kwetu huleta kwanza sura ya kile kisiwa kidogo kilichoko kaskazini mashariki ya Unguja, na huenda wazee wengi bado wanadhani habari ni ya wavuvi na watalii. Siyo. Tunazungumzia programu za kompyuta zilizofundishwa kwa maandishi mengi mno ya wanadamu, hata zikaweza kutunga maandishi mapya zinapoulizwa. Iliyojulikana zaidi, ChatGPT, ilifunguliwa kwa watu wote mwezi wa Novemba 2022. Leo kijana wa Makunduchi au wa Konde mwenye simu na bando la shilingi chache anaweza kuiamuru imwandikie barua ya kazi kabla chai haijapoa.

Wapo waheshimiwa wanaosema kwamba kufanya hivyo ni udanganyifu, na kwamba barua ya namna hiyo itupwe. Sisi hatukubaliani nao. Kuandikiwa barua ni desturi ya siku nyingi hapa kwetu. Walikuwapo waandishi wa barua waliolipwa kwa kazi hiyo, na alikuwapo mwalimu wa skuli ambaye kijiji kizima kilimwendea kila lilipotokea jambo la kuandikiwa wakubwa. Hakuna aliyesema kwamba baba aliyeandikiwa barua na mwalimu ni mwongo. Maadamu yaliyomo yalikuwa ya kweli, kalamu ya kuazima haikuwa aibu.

Mwandishi wa barua wa leo ni duka la steshenari. Atakayepita Darajani, Chake Chake au Wete wakati nafasi za serikali zimetangazwa atawaona vijana wamepanga foleni mbele ya kompyuta moja, wenye bahasha za vyeti mkononi, wakisubiri kuchapiwa maombi na kupandishiwa katika mtandao. Mwenye duka ana haraka, kwani nyuma yako wako wengine ishirini. Zamani alikuwa na barua moja ya mfano akibadilisha jina tu. Sasa anaiambia mashine: andika barua ya kuomba kazi ya uhasibu. Barua inatoka, nzuri, ya kurasa mbili, na mwombaji anatia saini bila ya kuisoma.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa na yule mwalimu wa zamani. Mwalimu alikujua. Alikuuliza umesoma wapi, umefanya nini, na kama huna la kusema aliandika kifupi. Mashine haikujui wala haiulizi isipoambiwa iulize. Kazi yake ni kukisia neno gani laelekea kufuata neno jingine, kwa kufuata mifano iliyoiona. Ikikuta pengo katika maelezo yako, haina haya ya kulijaza. Tuchukue mfano wa kijana wa Micheweni aliyewahi kusaidia miezi sita katika duka la vipuri vya magari. Ameiambia mashine hayo tu. Barua inayorudi yaweza kusema kwamba alisimamia ghala, aliongoza kikundi cha wafanyakazi na alipunguza hasara kwa asilimia kadhaa. Mashine haikukusudia kusema uongo, kwani haina makusudio. Imeona barua nyingi za mameneja wa maduka zikisema hivyo, basi nayo ikasema. Lakini saini ni ya kijana.

Asidhani mtu kwamba haya huwapata wasiosoma tu. Mwaka 2023 huko New York mawakili wawili walipeleka mahakamani hoja iliyotaja kesi ambazo hazikupata kuwepo duniani. Kesi hizo zilibuniwa na ChatGPT, majina na nukuu zake, na mawakili hawakuzihakiki. Jaji aliwatoza pamoja na kampuni yao faini ya dola 5,000. Ikiwa wakili mzoefu amenaswa namna hiyo katika fani yake mwenyewe, mhitimu wa mwaka jana anayeandikiwa kwa lugha yake ya pili au ya tatu amekaa mahali pa hatari zaidi. Na katika utumishi wa umma kosa lake si dogo. Sifa ya uongo katika fomu ya maombi yaweza kumfuta katika orodha, na ikigundulika baada ya kuajiriwa yaweza kumtoa kazini.

Kipimo tunachokiona kinafaa ni chepesi. Mwombaji akae na barua yake, aweke kidole juu ya kila sentensi, na ajiulize: wasaili wakiniuliza habari ya hili, nitajibu nini? Sentensi isiyo na jibu ifutwe hata kama ndiyo iliyopendeza zaidi. Kijana wa vipuri akiandika kwamba anazijua kwa majina sehemu mia mbili za gari, na kwamba aliweza kumwambia mteja kilicho cha asili na kilicho bandia, hiyo ni sifa ambayo hakuna mashine ingeibuni, na msaili mwenye akili ataikumbuka jioni.

Tena mashine hii ina matumizi bora kuliko kuandika, ambayo vijana wetu wengi hawayajaribu. Mtu aweza kuipa tangazo la kazi na kuitaka imweleze kwa Kiswahili yale masharti ambayo Kiingereza chake ni kigumu. Aweza kuiamuru imuulize maswali ya usaili, moja baada ya moja, naye ajibu kwa mdomo wake mbele ya ndugu yake. Aweza kuiandikia barua yake mwenyewe, yenye makosa yake, na kuitaka ionyeshe makosa bila ya kuongeza habari yoyote. Kiswahili chake hakijanyooka kila mahali, kwani maandishi iliyofunzwa kwayo ni ya Kiingereza kwa sehemu kubwa mno. Mara kwa mara hutoa maneno ambayo hayasemwi Unguja wala Mombasa. Hata hivyo kwa mtu asiye na shangazi mwalimu wala kaka karani, msaada huo si haba. Mtoto wa mjini aliye na jamaa maofisini alikuwa nao tangu zamani. Hii ndiyo sababu kubwa ya gazeti hili kutounga mkono wanaotaka ipigwe marufuku.

Yako mambo mawili yanayotutia hofu zaidi kuliko uzuri wa bandia wa barua. La kwanza ni siri za watu. Mwombaji huambiwa aambatishe kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya skuli, namba ya simu na majina ya wadhamini. Wengine huvichukua vyote na kuvitia ndani ya mashine ili iwatungie wasifu. Mashine hiyo haiko ndani ya simu. Iko katika makompyuta ya kampuni zilizo ng'ambo, na yanayoandikwa humo yaweza kuhifadhiwa na kutumiwa kuifundisha zaidi. Machi 2023 hitilafu iliwafanya baadhi ya watumiaji wa ChatGPT waone vichwa vya mazungumzo ya watu wengine, na mwisho wa mwezi huo huo mamlaka ya Italia inayolinda taarifa za watu iliisimamisha huduma hiyo nchini humo mpaka ilipofanya marekebisho mwishoni mwa Aprili. Kutunga wasifu hakuhitaji namba ya kitambulisho. Hakuhitaji jina la mdhamini wala jina la mama. Hayo yaandikwe baadaye kwa mkono wa mwenyewe. Hali kadhalika yule kijana wa steshenari awatake radhi wateja wake na kufuta nakala za vyeti vilivyojaa katika kompyuta yake, ambavyo yeyote ajaye na waya anaweza kuvichukua.

La pili ni matapeli. Zamani tangazo la kazi la uongo lilijulikana kwa lugha yake mbovu. Barua iliyosema mwajiri yuko Muscat au Dubai, iliyojaa makosa, ilimshtua hata asiyesoma sana. Leo tapeli naye ana akili mnemba. Anaandika Kiswahili safi, anatengeneza nembo ya kampuni, na anajibu maswali usiku na mchana kwa adabu. Kwa hiyo uzuri wa lugha hauwezi tena kuwa dalili ya ukweli, na inabidi tushike dalili nyingine. Iliyo kubwa kuliko zote ni fedha. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema kwamba mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada; kwa hiyo anayedai fedha za fomu, za usaili au za kukuhifadhia nafasi, mtu akae naye mbali mpaka ofisi ya kazi imthibitishe. Umoja wa Mataifa ulikadiria mwaka 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wapatao 100,000 nchini Kambodia huenda wanashikiliwa katika makambi na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wengi wao walikwenda kwa miguu yao, wakifuata tangazo la kazi nzuri, na wamo waliotoka Afrika.

Sasa tugeukie upande wa pili wa meza, kwani mpaka hapa tumewasema waombaji peke yao, na si haki. Akili mnemba haiwaandikii waombaji tu. Inawasomea waajiri pia. Kampuni nyingi za nchi za nje huziachia mashine kazi ya kuchuja maombi, na si ajabu hoteli zenye makao makuu ng'ambo zikaja nazo hapa. Haitakuwa ajabu vile vile afisa wetu mmoja aliyezidiwa na mafaili akaona njia ya mkato: ayatie majina elfu moja ndani ya mashine na kusema, nichagulie ishirini.

Tunajua kwa nini jambo hilo litawavutia wengi. Ugonjwa wa ajira katika visiwa hivi una jina, nalo ni muhali. Katika nchi yenye watu 1,889,773, kwa hesabu ya sensa ya 2022, hakuna mwenye kiti asiyekuwa mpwa wa mtu au jirani wa mtu. Afisa anajua aliyestahili ni nani, lakini mlangoni amekaa mtoto wa mtu aliyemlipia ada ya skuli. Mashine haina shangazi. Haialikwi harusini. Basi tuipe yenyewe ichague, na ugomvi uishe.

Hoja hii ni tamu, lakini ina ufa. Kampuni ya Amazon ilianza mwaka 2014 kutengeneza mashine ya kupima wasifu wa waombaji na kuwapa nyota moja hadi tano. Ilifundishwa kwa maombi yaliyopokewa na kampuni katika muda wa miaka kumi, ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya wanaume. Mashine ikajifunza kwamba mwanamume ndiye bora. Wasifu uliotaja chama cha wanawake au timu ya wanawake ulishushwa. Mafundi walijaribu kuirekebisha, hawakuweza kuhakikisha kwamba haitatafuta njia nyingine ya kubagua, na mradi ukavunjwa. Habari zake zilitangazwa na shirika la Reuters mwaka 2018. Mwaka 2024 wachunguzi wa University of Washington walizijaribu mashine za aina mpya kwa wasifu zaidi ya 550, wakibadilisha majina tu. Majina yanayofahamika kuwa ya Wazungu yalipendelewa kwa asilimia 85 ya mara zote. Msomaji akumbuke kwamba majina ya kwetu ni Makame, Haji, Mwanaisha na Bikombo.

Fikiri basi maana yake hapa. Tukiifundisha mashine kwa orodha ya watu tuliowaajiri miaka kumi iliyopita, na katika orodha hiyo mna muhali, itajifunza muhali. Ikiwa wa mjini walipata zaidi ya wa shamba, au wa kisiwa kimoja zaidi ya wa kisiwa cha pili, itaona kwamba anwani ndiyo sifa. Itafanya hivyo kimya kimya, bila ya kumtaja shangazi, na afisa atanawa mikono akisema ni kompyuta iliyoamua. Dhuluma ya karani yaweza kulalamikiwa, kwa kuwa karani ana jina na ana mkubwa wake. Aliyetemwa na mashine hajui hata kwamba ametemwa na mashine.

Wenzetu wameliona hilo. Mji wa New York ulianza Julai 2023 kutekeleza sheria inayomtaka mwajiri mwenye kutumia chombo cha namna hiyo akifanyie ukaguzi wa upendeleo kila mwaka na kuwaarifu waombaji kabla. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake iliyoanza nguvu Agosti 2024, umezitia mashine za kuchagua wafanyakazi katika fungu la zile zenye hatari kubwa. Huko Marekani pia, mwaka 2023, kampuni moja ya masomo ya mtandaoni ilikubali kulipa dola 365,000 baada ya kushitakiwa kwamba programu yake iliwakataa papo hapo wanawake wenye umri wa miaka 55 na zaidi na wanaume wa miaka 60 na zaidi.

Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyotungwa na Bunge mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Lakini sheria hiyo yenyewe inasema kwamba kwa upande wa Zanzibar haihusu mambo yasiyo ya Muungano, na ajira katika utumishi wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar si jambo la Muungano. Ndiyo maana tunaona waheshimiwa wa Baraza la Wawakilishi wana swali la kuuliza na kulipatia jibu lililo wazi: mwombaji wa kazi wa Pujini akikataliwa na mashine, au vyeti vyake vikivuja kutoka ofisi ya Serikali, aende kwa nani?

Liko onyo moja zaidi kwa wakubwa wa utumishi. Wengine, kwa kuchoshwa na barua zinazofanana, watataka kununua programu zinazodai kutambua maandishi ya akili mnemba. Wasizinunue. Kampuni ya OpenAI, iliyoitengeneza ChatGPT yenyewe, iliitoa programu yake ya utambuzi na kuiondoa Julai 2023 kwa kuwa haikuwa sahihi kiasi cha kutosha. Mwaka huo huo wachunguzi wa Stanford walizipa programu saba za namna hiyo insha za Kiingereza zilizoandikwa na wanafunzi ambao Kiingereza si lugha yao. Zaidi ya nusu ya insha hizo, kwa wastani, zilihukumiwa kuwa za mashine. Sababu yake ni kwamba mgeni wa lugha hutumia maneno machache na sentensi za kawaida, na ndivyo mashine ifanyavyo. Kijana wa Kojani aliyekesha akiandika kwa mkono wake angeitwa mwizi wa maneno, na mtoto aliyesomeshwa Nairobi au Dubai angepita.

Dawa ya barua zinazofanana ni kupunguza uzito wa barua. Karani wa hesabu apewe daftari la hesabu mezani kwa saa moja. Mpokeaji wageni azungumze na mgeni. Mwalimu afundishe somo la dakika ishirini mbele ya wanafunzi. Hoteli na mashirika yanayotaka barua ya Kiingereza kwa kazi isiyohitaji Kiingereza yaikubali ya Kiswahili, na kijana hatakuwa na haja ya kuazima ulimi. Tunajua majaribio ya namna hii yana gharama, hasa ikibidi wasaili wavuke bahari kwenda Pemba badala ya waombaji mia tatu kuja Unguja kwa nauli ya kukopa. Gharama hiyo tunadhani yafaa ibebwe na ofisi.

Tangazo lijalo la nafasi za serikali tungependa lieleze, kwa Kiswahili, mambo matatu: kama maombi yatachujwa na mtu au na programu, kama mwombaji anaruhusiwa kusaidiwa na akili mnemba na kwa mpaka upi, na cheo cha afisa ambaye aliyekosa aweza kumwandikia kuuliza sababu.